Shamba, Ukoo na Waraka: Kuzisoma Barua za Makabaila kutoka Subukia

Katika shule za Kenya, mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba barua ni za aina mbili. Barua ya kirafiki ina anwani moja, maamkizi, na uhuru wa kusema yaliyo moyoni. Barua rasmi ina anwani mbili, mada iliyopigiwa mstari, na lugha iliyofungwa vifungo hadi shingoni. Mwanafunzi akizichanganya, mtahini humwondolea alama. Mgawanyo huu unafaa darasani, lakini mhakiki akiuchukua kuwa ndio ukweli wa utanzu wenyewe, atashindwa kuisoma sehemu kubwa ya barua zilizowahi kuandikwa.

Katika insha hii ninakusudia kutazama barua za watu wenye mashamba makubwa, walioandikiana kama jamaa na kama wabia kwa wakati mmoja, kisha niziweke karibu na barua za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya namna hiyo katika bonde nilikozaliwa. Hoja yangu ni hii: katika barua za makabaila, mapenzi na hesabu si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati, mapenzi ndiyo lugha ambamo hesabu iliandikwa. Msomaji asipoliona hilo, atawapenda waandishi hao kwa sababu zile zile zinazowaficha watu wengine.

Nianze mbali, Marekani ya karne ya 18, kwa kuwa huko utanzu huu ulihifadhiwa vizuri kuliko kwetu. Mwaka 1739 afisa wa jeshi la Uingereza aliyeitwa George Lucas aliitwa arudi kazini katika kisiwa cha Antigua. Aliacha mashamba matatu huko South Carolina mikononi mwa binti yake Eliza, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18. Kuanzia hapo binti alimwandikia baba, na kila alichoandika alikinakili, kwa ukamilifu au kwa muhtasari, katika daftari lake la nakala. Daftari hilo lilisalia katika ukoo, likaja kuchapishwa kama kitabu mwaka 1972. Humo tunamwona binti akimweleza baba majaribio yake ya kupanda nili, tangawizi na pamba, akimtaarifu juu ya baridi iliyoharibu mimea, na katika pumzi hiyo hiyo akimwombea afya na kumkumbusha utii wake. Hata suala la ndoa lilijadiliwa kwa barua. Baba alimpendekezea wachumba, naye akawakataa kwa adabu iliyonyooka kama upanga. Nili ile ilikuja kuwa zao kuu la biashara la koloni hilo baada ya mpunga. Basi barua hizo tuziite za kirafiki au rasmi? Baba ndiye mwenye mali, binti ndiye msimamizi wake; heshima ya mwana kwa mzazi na taarifa ya msimamizi kwa tajiri zimekuwa sauti moja.

Katika barua mojawapo kwa rafiki yake, Eliza anasimulia kwamba anawafundisha wasichana wawili weusi kusoma, akitumaini kwamba baba akikubali, watakuja kuwa walimu wa watoto wengine wa watumwa. Ni habari inayompendeza msomaji. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1740, baada ya maasi ya watumwa ya Stono, bunge la koloni hilo lilipitisha sheria iliyomtoza faini ya pauni 100 mtu yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Kuandika, si kusoma. Waliotunga sheria hiyo waliuelewa utanzu wa barua kuliko wahakiki wengi: anayesoma hupokea neno, bali anayeandika hulituma. Wasichana wale wawili wamo katika daftari la Eliza, lakini hakuna daftari ambamo Eliza yumo kwa maneno yao.

Mwenye shamba mwingine, William Byrd wa Virginia, alimwandikia lodi mmoja wa Uingereza mwaka 1726 akijifananisha na mababu wa Agano la Kale, mwenye makundi ya mifugo na watumishi wake, asiyemtegemea mtu ila Mungu. Picha hiyo ya baba wa nyumba kubwa ndiyo iliyomwezesha kusema juu ya watumwa bila kusema juu ya utumwa. Neno “ukoo” lilinyooshwa mpaka likawafunika watu walionunuliwa. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya barua ya kabaila: huligeuza shamba kuwa familia. Kazi ya pili ni kinyume chake: huigeuza familia kuwa kampuni.

Msomaji anaweza kuuliza, mtu wa Subukia anatafuta nini katika madaftari ya South Carolina? Jibu ni kwamba nami nimetoka katika bonde lililowahi kuandikiwa barua za namna hiyo. Subukia iko kaskazini ya mji wa Nakuru, chini ya ukingo wa milima, kwenye njia ya kwendea Nyahururu. Ardhi yake ni nyeusi na maji hayakosi. Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi, wengi wao maafisa wa jeshi waliostaafu, walipewa mashamba. Kazi ilifanywa na maskwota, hasa Wakikuyu, walioruhusiwa kulima kipande na kufuga mifugo michache kwa sharti la kufanya kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 iliwapa walowezi uwezo wa kuziongeza siku hizo na kuipunguza mifugo ya skwota. Skwota hakuwa mtumwa, na mhakiki asiyeitambua tofauti hiyo anapotosha historia. Hakununuliwa wala watoto wake hawakuuzwa. Hata hivyo, alikuwa mtu aliyeishi ndani ya sentensi za mtu mwingine.

Walowezi waliandika sana. Mfano ninaoujua vizuri ni wa jirani, ng'ambo ya pili ya Nakuru, huko Njoro. Nellie Grant, mtoto wa lodi wa Uingereza, alifika Kenya na mumewe kabla ya vita vya 1914, wakaanza kulima kahawa karibu na Thika, kisha katika miaka ya 1920 wakahamia Njoro kwenye shamba walilolipa jina la Gikammeh. Binti yao, Elspeth Huxley, alikwenda ng'ambo kusoma kilimo, Reading na halafu Cornell, akawa mwandishi mashuhuri. Mama alimwandikia binti kwa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1980, miaka mitatu baada ya kifo cha mama, binti alizichapisha barua hizo katika kitabu.

Ukizisoma baada ya zile za Eliza Lucas, utashangaa jinsi umbo lilivyo lile lile, ila limegeuzwa: safari hii mzazi ndiye aliye shambani na mtoto yuko ng'ambo. Kuna majaribio ya mazao, mradi baada ya mradi, mingi ikiishia patupu. Kuna upungufu wa fedha usiokwisha na mzaha usiokwisha. Mbwa, wageni, mvua, bei na siasa vinafuatana bila aya kubadilika. Nellie alikuwa mwandishi hodari. Hakujisifu, hakulalamika, na aliwacheka walowezi wenzake kama alivyojicheka mwenyewe. Mimi niliyetoka upande wa pili wa jikoni hilo nimezisoma barua zake nikicheka, na ni kicheko hicho ninachotaka kukichunguza.

Wafanyakazi wamo ndani ya barua za Njoro. Wanatajwa kwa majina, tena kwa upendo. Kwa hiyo lawama ya kawaida, kwamba mlowezi hakumwona Mwafrika, haitoshi. Tatizo liko katika sarufi ya upendo wenyewe. Katika barua ya namna hii, mfanyakazi huja katika sentensi pale tu anapohusiana na shamba: amevunja, amepika, ameugua, amefanya jambo la kuchekesha. Akitoka katika sentensi, hatujui aendako. Usiku wake haumo, deni lake halimo, wala barua yake kwa mamaye haimo. Mzaha wa mwandishi humpa sura, na kwa kumpa sura humziba mdomo, kwa kuwa msomaji hujiona tayari amemjua.

Kuhusu familia iliyogeuka kampuni, mfano ulio wazi zaidi uko nje ya bonde letu, chini ya vilima vya Ngong. Kampuni ya kahawa aliyoisimamia Karen Blixen ilikuwa ya hisa, na wenye hisa walikuwa hasa jamaa zake wa Denmark. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Barua zake kwa mama na kaka zake kati ya 1914 na 1931 zina mapenzi makubwa, lakini zilisomwa na watu ambao fedha zao zilikuwa zikipotea kila msimu. Kila alipoeleza uzuri wa nchi, alikuwa pia akiomba muda zaidi. Sisemi kwamba alidanganya. Ninasema kwamba uzuri wa nchi ulikuwa na kazi ya kufanya katika barua hizo, na mtindo wake uliomletea sifa baadaye ulifanyiwa mazoezi mbele ya wadai wake.

Basi waliokuwa upande wa pili waliandikiwa nini? Kwanza waliandikiwa kipande. Kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika alipaswa kukichukua popote aendapo, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma alichokivaa shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe ya kumwajiri, mshahara, na tarehe ya kumwachilia, akatia sahihi. Tukikitazama kwa jicho la fasihi, kipande kilikuwa barua iliyokwenda kutoka kwa mlowezi hadi kwa mlowezi mwingine, na tarishi wake alikuwa mtu yule yule anayeandikwa ndani yake.

Pili, kulikuwa na barua ya sifa, ambayo mwajiri alimpa mtumishi anayeondoka. Nyanya yangu, aliyefanya kazi katika jikoni la nyumba moja ya Subukia, alikuwa na barua kama hiyo. Aliipewa wakati mwajiri wake alipouza shamba na kuondoka nchini, akaihifadhi katika mkebe wa majani ya chai pamoja na risiti za kodi. Alikuwa ameichukua miaka mingi bila kujua ilisema nini, maana iliandikwa kwa Kiingereza. Nilipofika darasa la sita aliniita, akapangusa mikono kwa leso, akanipa niisome. Ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema kwamba mwenye barua ni mwaminifu, ni msafi, na hupatana na watoto. Nilimtafsiria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Ni hayo tu, mjukuu wangu?” Nikamwambia ni hayo tu. Akaikunja palepale ilipokunjika zamani, akairudisha mkebeni.

Sina haja ya kumlaumu mwandishi wa mistari ile. Kwa kawaida ya utanzu wake, ilikuwa barua nzuri, na huenda aliiandika kwa moyo safi. Ninachokiona ni kwamba miaka mingi ya maisha katika nyumba moja, ikiwa ni pamoja na kulea watoto wa nyumba hiyo, ilipata mistari mitatu kwa kuwa ilielekezwa kwa mwajiri mwingine. Yeye mwenyewe hakuandikiwa hata mmoja.

Lakini mkebe ule ulikuwa na barua nyingine, na hizi ndizo zinazonifanya niandike insha hii. Babu yangu alikuwa akifanya kazi ya mbao huko Elburgon katika miaka iliyofuata Vita vya Pili. Nyanya alibaki Subukia. Waliandikiana, ingawa hakuna kati yao aliyejua kuandika. Upande wa nyanya aliyeandika alikuwa karani wa maziwa, Mluhya aliyesomeshwa misheni, asiyejua Kikuyu. Kwa hiyo mke alimwambia karani maneno yake kwa Kiswahili cha shambani, naye karani akayavisha Kiswahili cha darasani. Barua za babu zilizosalia ni tisa. Kila moja inaanza kwa kutumaini kwamba mpokeaji ni mzima, na kila moja inaingia katika hesabu kabla ya mstari wa tano: shilingi zilizotumwa kwa hawala ya posta, mbuzi wa kuuzwa, karo ya mtoto, deni la jirani. Kisha inafuata orodha ndefu ya salamu, mtu baada ya mtu.

Hapo zamani niliziruka orodha hizo kama mtu anavyoruka vichaka. Leo naziona kuwa ndizo kiini cha barua. Kabaila naye ana orodha yake: magunia, ng'ombe, vibarua. Orodha ya skwota ni ya watu wanaopaswa kujua kwamba hawajasahauliwa, na jina likikosekana, mpokeaji hujua kwamba kuna ugomvi au msiba. Jambo jingine ni kwamba ng'ombe katika barua hizi wana majina ya watu. Nyanya alinieleza sababu. Mifugo ya maskwota ilikuwa ikihesabiwa na kupunguzwa, na barua zilipitia katika sanduku la posta la mwenye shamba. Juu ya bahasha, chini ya jina la nyanya, lilikuwapo jina la bwana. Barua ya mume kwa mke, iliyo ya karibu kuliko zote, ilikuwa na anwani mbili.

Hii ndiyo tofauti ya kifani ninayoiona kati ya makundi haya mawili. Kote mapenzi na hesabu vimechanganyika, na kwa hilo skwota na kabaila ni sawa. Lakini barua ya kabaila ni ya watu wawili, wanaozungumza juu ya watu wengine kana kwamba hawatasikia. Barua ya skwota haikuwa ya watu wawili kamwe. Kulikuwa na karani anayeandika, mtu anayesoma kwa sauti huko iendako, na bwana ambaye bahasha inapita mkononi mwake. Kwa hiyo ilijifunza kusema na kusitiri kwa neno moja. Mhakiki anayeiona kuwa kavu hajatambua ni masikio mangapi yaliyokuwa yakiisikiliza.

Dola nayo ilikuja kuwa sikio jingine. Mwishoni mwa 1952 na mwaka 1953 Wakikuyu wengi waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa, na maelfu wakatiwa kizuizini. J. M. Kariuki, mtoto wa maskwota aliyezaliwa Kabatini, kati ya Nakuru na Subukia, alizuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960. Katika kitabu chake cha 1963 anasimulia jinsi alivyoandika barua za malalamiko na kuzipenyeza nje ya kambi ziwafikie wakubwa wa London, na jinsi alivyopigwa kwa ajili hiyo. Sheria ya South Carolina ilikuwa imeliona jambo hilo miaka 200 kabla: hatari haiko kwa anayesoma, iko kwa anayetuma.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kilijifunza utanzu huu kutoka kwa walowezi. Maandishi ya Kiswahili ya kale kuliko yote yanayojulikana ni barua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Ziliandikwa na watu wa ukoo wa kifalme wa Kilwa, na ndani yake undugu na mambo ya utawala vinakwenda pamoja. Karne mbili baadaye Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa zaidi ya miaka 25. Barua hizo za 1931 hadi 1958 zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Humo tunamkuta mshairi mkuu akiwa pia kaka mwenye majukumu ya ukoo. Mshairi na mlezi ni mtu mmoja, na kalamu ni moja.

Barua hizo zote zinatufikia kwa sababu moja tu: kuna mtu aliyezitunza. Eliza alinakili za kwake, binti wa Njoro alizihifadhi za mamaye, na Yusuf Ulenge alizihifadhi za kakaye. Kutunza ni tendo la kwanza la uhakiki, kwa kuwa ndiko kunakoamua ni nini kitakachosomwa. Makabaila walikuwa na nyumba za mawe, makabati, na mawakili. Maskwota walihamishwa kwa malori. Barua alizozituma nyanya kwenda Elburgon hazikusalia hata moja. Babu aliondolewa huko mwaka 1953 akiwa na nguo alizozivaa. Ninazo tisa za kwake, nami husoma majibu nikijaribu kulikisia swali.

Idara zetu zinapopanga mitaala ya fasihi, zingefaa kuiweka barua ya kazi na ya nyumbani pamoja na riwaya na tamthilia, tena si zile za Njoro peke yake. Wanafunzi wengi wanatoka Solai, Bahati, Molo, Olenguruone. Likizo moja ingewatosha kuuliza nyumbani ni mikebe mingapi bado ipo. Wazee wanaoweza kueleza kwa nini ng'ombe aliitwa Wanjiru wanapungua kila mwaka. Ya nyanya yangu nimeinakili: barua tisa za Elburgon, pamoja na ile ya mistari mitatu. Nimeziweka zote katika jalada moja, kwa kufuata tarehe, kwa sababu ndivyo zilivyokaa mkebeni, na pia kwa sababu mistari ile mitatu husomeka vingine kabisa inapowekwa mwisho.